Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Maneno kwa Watafiti wa Mauaji ya Kennedy

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotangulia katika kazi hii, ndugu zangu watafiti: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Mlangoni kila mmoja amepewa karatasi nyeupe na kalamu. Wengine mmeniuliza ni za nini. Naomba mzishike tu, nitasema kabla sijakaa.

Nimepewa nafasi hii nizungumzie namna ya kubishana, na mwenyekiti hakunipa mada hii bure. Kikao chetu kilichopita, tulipokuwa tunajadili mkanda wa sauti wa polisi wa Dallas, kilivunjika kabla ya wakati. Watu wawili ninaowaheshimu, na wote wawili wamesoma kuliko mimi, waliondoka bila kuagana. Mmoja alimwita mwenzake kibaraka wa wauaji. Mwenzake akamjibu kwamba anayeona mkono wa siri kila mahali anahitaji daktari, si maktaba. Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku ile. Sisi sote hapa hatulipwi, wala hakuna aliyetutuma. Tumeshikwa na kifo cha mtu mmoja, kilichotokea kabla wengi wetu hatujazaliwa, kwa sababu tunaamini mtu hapaswi kuuawa mchana kweupe kisha habari yake ikaachwa imejaa matobo. Tukishindwa kukaa chumba kimoja hali nia yetu ni hiyo, kasoro iko katika ubishi wenyewe.

Nianze na tunayokubaliana, maana ni machache na yanasemeka haraka. Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na nusu mchana kwa saa za Dallas, msafara wa Rais John F. Kennedy ulikuwa umekata kona kutoka Mtaa wa Houston na kuingia Mtaa wa Elm, ukishuka polepole kuelekea daraja la reli. Risasi zikalia. Rais akauawa, na Gavana John Connally wa Texas, aliyekaa mbele yake, akajeruhiwa vibaya. Polisi walikuta bunduki ya Kiitaliano na maganda matatu ya risasi katika ghorofa ya sita ya ghala la vitabu vya shule. Siku mbili baadaye, Jumapili, mtuhumiwa Lee Harvey Oswald, akiwa mikononi mwa polisi, chini ya jengo la polisi wenyewe, mbele ya kamera za televisheni, akapigwa risasi na Jack Ruby na kufa bila kufikishwa mahakamani.

Kwa kifo cha namna hiyo sisi tuna msemo: mbuzi kafia kwa muuza supu. Tangu Jumapili ile kila mwenye akili timamu alikuwa na haki ya kuuliza, na aliyewaita waulizaji wale wendawazimu aliwakosea.

Na waliopewa kazi ya kujibu walichafua meza yao wenyewe. Oswald alikuwa ameacha barua katika ofisi ya FBI ya Dallas muda mfupi kabla ya mauaji. Baada ya yeye kufa, afisa aliyeipokea aliamriwa aiharibu, na dunia haikujua mpaka mwaka 1975. Daktari aliyeongoza uchunguzi wa maiti ya Rais pale hospitali ya Bethesda alichoma rasimu yake motoni nyumbani kwake. CIA ilikuwa na mipango ya kumuua Fidel Castro kwa kushirikiana na majambazi wa mafia, na Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali kuchunguza mauaji na ikahitimisha kwamba Oswald alikuwa peke yake, haikuambiwa. Kamati ya Bunge ilipoanza kuchunguza upya miaka ya sabini, CIA iliikabidhi afisa wa kuisaidia kupata mafaili, George Joannides, bila kuiambia kwamba mwaka 1963 afisa huyohuyo alikuwa akisimamia kundi la Wakuba waliogombana na Oswald mitaani New Orleans. Kwa hiyo mtu asiondoke hapa akidhani nimekuja kuwaambia mwamini ripoti ya serikali kwa kuwa ni ya serikali.

Lakini watu wa fani yetu tunapenda sana methali moja: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika kazi ya ushahidi methali hii imetuponza. Kuna mambo yamesemwa juu ya Dallas kwa miaka 60 na hayapo, wala hayaji. Mimi nimechagua nyingine ya kutembea nayo: mwamba ngoma huvutia kwake. Anayewamba ngozi huivuta upande wake. Havuti kwa ubaya. Ndiko mikono yake iliko. Kila mmoja wetu aliyeshika ushahidi wa Dallas ameuvuta upande wake, na wa kwanza wa kukiri ni mimi.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa mchoro. Mnaujua ule mchoro wa kuikejeli Tume, iliyosema risasi moja iliwapita Rais na gavana wote wawili: Rais amekaa wima, gavana amekaa mbele yake wima vilevile, kwenye mstari mmoja na kwa kimo kimoja, na mstari wa risasi unatoka shingoni kwa Rais, unasimama hewani, unakata kulia, kisha unakata tena kushoto ili umfikie gavana. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu kwamba risasi haina usukani. Nilitembea na mchoro huo mkobani. Niliwaonyesha watu kwenye misiba na harusini. Kila aliyeuona alitikisa kichwa, na mimi nilifurahi kila mara kana kwamba nimemtetea marehemu.

Siku moja nikamwonyesha rafiki yangu, fundi wa bodi za magari. Hakutikisa kichwa. Aliuliza swali ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwahi kujiuliza: "Huyu gavana alikaa hivi mwenyewe, au ninyi ndio mliomkalisha?" Nikamwambia gari ni gari, wa mbele yuko mbele. Akasema gari refu la namna ile, lenye safu tatu, la katikati huwa ni kiti cha kukunja, na kiti cha kukunja hakikai kama kiti cha nyuma. Akaniomba picha za msafara zilizopigwa asubuhi ile, kabla gari halijafika Elm.

Tulizitazama pamoja. Gavana amekaa chini kuliko Rais. Amekaa ndani zaidi, kuelekea katikati ya gari, wakati Rais amebanana na mlango wa kulia. Na katika filamu aliyoipiga Abraham Zapruder, gavana amegeuka kulia wakati huo wa hatari. Ukimkalisha hivyo, ule mstari unaokata kona hewani unanyooka kiasi kwamba mchoro wangu hauna kazi tena.

Nilikasirika. Nawaambia hili kwa kuwa ndilo jambo lenyewe nililokuja kulisema: sikumshukuru. Nilimwambia hajasoma juzuu 26 za Tume, yeye ni fundi tu. Tukakaa miezi bila kuzungumza. Alikuwa amenionyesha kweli moja ndogo kuhusu kiti, nami nikaipokea kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Sasa angalieni vizuri, maana hapa ndipo tunapoteleza wote. Kiti cha gavana hakithibitishi kwamba risasi moja iliwapita watu wawili. Kinaonyesha tu kwamba mchoro ule ulikuwa wa uongo. Gavana Connally mwenyewe alishikilia mpaka kufa kwake mwaka 1993 kwamba yeye alipigwa na risasi tofauti na ile ya kwanza aliyoisikia. Seneta Richard Russell, mjumbe wa Tume yenyewe, hakuridhika na nadharia ya risasi moja. Kamati ya Bunge ilipokusanya madaktari tisa wa uchunguzi wa maiti, wanane waliikubali na mmoja, Cyril Wecht, aliikataa na hakurudi nyuma. Ile risasi iliyookotwa kwenye machela ya hospitali ya Parkland ingali na karibu uzito wake wote, na anayeitazama kwa mara ya kwanza lazima ashangae. Hayo ni maswali halali. Yalikuwa halali bila mchoro wangu, na mchoro wangu uliyadhuru, kwa kuwa kila aliyegundua kasoro yake alitupa na maswali mengine pamoja nao.

Nije kwenye mkanda wa sauti, ulioleta ugomvi.

Siku ile mikrofoni ya pikipiki mojawapo ya polisi ilikwama ikiwa wazi, na kwa dakika kadhaa kelele zake ziliingia kwenye mashine ya kurekodi ya makao makuu, chaneli ya kwanza. Kamati Maalumu ya Baraza la Wawakilishi, ndiyo ile Kamati ya Bunge, iliutoa mkanda huo miaka 15 baadaye na kuwapa wataalamu wa sauti. Desemba 1978, katika wiki za mwisho kabisa za uhai wa kamati, wataalamu wawili walikuja kueleza kwamba kwa uwezekano wa asilimia 95 mmoja wa milipuko iliyomo ni risasi iliyopigwa kutoka kwenye kilima cha nyasi, mbele ya Rais upande wa kulia, nyuma ya uzio wa mbao; yaani kulikuwa na mpigaji wa pili. Kamati ikabadilisha hitimisho lake. Ikaandika kwamba Kennedy yamkini aliuawa kwa njama. Tuliokuwa upande huo tulisherehekea, na mimi niliyekuja kuyasoma haya baadaye nilisherehekea kwa kuchelewa.

Mwaka 1979 gazeti moja la Marekani likatoa nakala ya sauti hiyo kwenye santuri nyembamba ya plastiki, zawadi kwa wasomaji. Ikamfikia kijana mmoja wa Ohio, Steve Barber. Hakuwa mhandisi wala askari. Alikuwa mpiga ngoma katika bendi ya muziki wa roki. Akaisikiliza. Akarudia. Akarudia tena, kwa masikio ya mtu ambaye kazi yake ni kupima nafasi kati ya pigo na pigo. Na pale pale kwenye milipuko iliyohesabiwa kuwa risasi akasikia, kwa mbali sana, sauti ya mtu akiongea.

Ilikuwa sauti ya sherifu Bill Decker, iliyosikika kutoka chaneli ya pili. Mikrofoni iliyokwama ilikuwa karibu na redio nyingine iliyofunguliwa chaneli hiyo, ikainasa. Decker alikuwa akiagiza kila kitu kilindwe mpaka wapelelezi wafike. Agizo hilo alilitoa kama dakika moja baada ya Rais kupigwa. Kama sauti hiyo na ile milipuko vilirekodiwa kwa pamoja, basi milipuko si risasi, kwa kuwa wakati huo gari la Rais lilikuwa tayari linakimbilia hospitali.

Wataalamu wenye mashine hawakuisikia, wala kamati ya bunge. Kijana yule akaandika barua, na kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi, chini ya Norman Ramsey wa Harvard, ikapima alichosikia, na mwaka 1982 ikakubaliana naye. Nikifikiria historia nzima ya watu wa aina yetu, watu wa usiku na taa ya mezani, sioni saa iliyotupa heshima kuliko hiyo. Na wengi wetu hatumtaji. Tunawataja waliotuletea mpigaji wa pili, huyu aliyemwondoa hatumtaji.

Mjadala haukufia hapo, na sitaki kuwadanganya. Mwaka 2001 ilichapishwa makala katika jarida la kisayansi la Uingereza iliyoitetea risasi ya kilimani. Mwaka 2005 baadhi ya wanasayansi wa ile kamati ya Ramsey wakaijibu. Na mwaka 2021 Josiah Thompson, mmoja wa wakongwe wetu, ameurudisha tena mkanda mezani, akidai kwamba sauti ya Decker huenda iliingia baadaye, wakati wa kunakili. Kwa hiyo wale ndugu zangu wawili waliogombana hawakugombania upuuzi. Waligombania swali zuri, ambalo hata leo lina watu wazito pande zote mbili. Ubaya ulikuwa kwamba hakuna kati yao aliyesema ni kipimo gani kikifanywa kesho kitamfanya akubali.

Huyo Thompson nimtaje zaidi kidogo. Alikuwa mwalimu wa falsafa chuoni, akaacha, akawa mpelelezi wa kujitegemea. Mwaka 1967 alitoa hoja iliyompa jina: kwamba katika filamu ya Zapruder, kati ya fremu ya 312 na ya 313, kichwa cha Rais kinasukumwa mbele, kisha kinarudi nyuma kwa nguvu; kwa hiyo kimepigwa mara mbili, kutoka nyuma na kutoka mbele. Alipima kwa rula na hadubini. Miongo baadaye mtu mwingine akaonyesha kwamba ule msukumo wa mbele ulitokana na kamera kutikisika, picha ikaweka ukungu. Thompson akakubali. Akaandika, kwa jina lake, kwamba kipimo chake kilichomjengea sifa kilikuwa na kosa. Wako wanaosema alibomoa ukuta mmoja ili kuimarisha mwingine upande uleule, maana bado anaamini mpigaji wa kilimani. Inawezekana. Mimi natazama kwamba aliubomoa yeye, hakungoja abomolewe.

Na upande wa pili, wale wanaoshikilia kwamba Oswald alikuwa peke yake, nao wana ngoma yao. Kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa na ushahidi walioutegemea kuliko wote: mkemia aliyeiambia Kamati ya Bunge kwamba vipande vya risasi, kwa kupima madini yaliyochanganyika ndani yake, yaelekea vinatoka kwenye risasi mbili tu, zote za aina iliyotumiwa na bunduki ya Oswald. Ilisemwa kuwa ndiyo kufuli la kesi. Baadaye sayansi yenyewe ya kulinganisha risasi kwa madini ikaonekana haiwezi kubeba uzito huo, na mwaka 2005 FBI ikaacha kuitumia kabisa. Nimewasikia wachache sana wa upande huo wakisema wazi kwamba kufuli lao limevunjika. Wengi wamelivua kimya kimya na kuning'iniza jingine.

Ndugu zangu, mtu ninayemhusudu katika fani hii ni mwanamke: Sylvia Meagher. Alikuwa akifanya kazi Shirika la Afya Duniani, pale New York. Tume ya Warren ilipotoa juzuu zake 26 mwishoni mwa mwaka 1964, ilizitoa bila faharasa ya mada. Maelfu ya kurasa, na njia ya kulipata jambo humo haipo. Yeye akakaa, baada ya saa za kazi, akaitengeneza faharasa hiyo mwenyewe. Waliokuwa wanaiamini Tume walitumia faharasa yake, na wasioiamini walitumia hiyohiyo. Yeye binafsi hakuiamini Tume hata kidogo.

Kisha mwaka 1967 akatokea Jim Garrison, mwendesha mashtaka wa New Orleans, akatangaza kwamba ameibaini njama na kumkamata mfanyabiashara Clay Shaw. Fikirini furaha iliyokuwapo. Kwa mara ya kwanza kuna mtu mwenye mamlaka anayesema tunayosema sisi! Karibu wakosoaji wote wa Tume walimkimbilia Garrison. Wengine walifunga safari mpaka New Orleans kumsaidia. Meagher akausoma ushahidi wa Garrison kwa jicho lilelile alilosomea ripoti ya Warren, akaona ni mbovu, na akasema ni mbovu. Marafiki walimgeuka, waliomwita dada jana wakamwona msaliti leo. Hakuyumba. Tarehe 1 Machi 1969, miaka miwili kamili tangu Shaw akamatwe, baraza la wazee wa mahakama lilijifungia kwa muda usiofika saa moja, likamwachia huru. Shaw alifariki mwaka 1974. Ile miaka miwili ya kuitwa muuaji wa Rais hakuna aliyemrudishia.

Kwa hiyo msiniambie kwamba nadharia ni nadharia tu, haimdhuru mtu. Kila tunapoandika jina la mtu ndani ya njama tumeshika maisha yake. Alikuwepo mtu aliyefungua mwavuli mweusi siku ya jua kali, hatua chache na pale Rais alipopigwa. Wako walioandika kwamba ndani ya mwavuli kulikuwa na kifaa cha kurusha kishale chenye sumu. Mwaka 1978 alijitokeza mbele ya Kamati, na mwavuli, akaeleza kwamba alikuwa anamzomea Kennedy kwa sababu ya siasa za baba yake, balozi Joseph Kennedy, aliyemuunga mkono Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza aliyembembeleza Hitler, na Chamberlain alijulikana kwa mwavuli. Wako wale watu watatu wa kutangatanga waliopigwa picha wakisindikizwa na polisi. Kwa miaka wawili kati yao walisemwa kuwa ni watu wa Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, mpaka rekodi za polisi za kukamatwa kwao zilipopatikana mwaka 1992 na kuonyesha walikuwa watu wa kutangatanga kweli. Na ile hesabu ya mashahidi waliokufa, tunayopenda kuirusha mezani, uwezekano wa moja katika trilioni laki moja: gazeti la London lililoichapisha mwaka 1967 lilikiri baadaye kwamba lilimuuliza mtaalamu wa takwimu za bima swali lisilo sahihi. Lilimuuliza kuhusu watu 15 waliokwisha kutajwa kwa majina. Swali lililopaswa ni hili: katika umati wote wa majina yaliyomo katika kesi, watu 15 wowote wanaweza kufa katika miaka ile? Hilo jibu lake halitishi.

Nimebakiza kaburi, kisha nimalize.

Mwanasheria mmoja wa Uingereza, Michael Eddowes, aliamini kwamba aliyezikwa Fort Worth si Lee Harvey Oswald bali jasusi wa Kirusi aliyechukua nafasi yake. Kati ya nadharia zote za Dallas, hii naiheshimu kwa jambo moja: ilikuwa na mahali pa kufia. Alisema fukueni, pimeni. Alipigania mahakamani, mjane wa Oswald akakubali, na tarehe 4 Oktoba 1981 kaburi likafukuliwa. Madaktari wakalinganisha meno na rekodi za jeshi la wanamaji. Wakatazama mfupa wa nyuma ya sikio, ambako Oswald alifanyiwa upasuaji akiwa mtoto, wakakuta alama. Alikuwa ni yeye. Eddowes akatangaza hadharani kwamba ameyapokea matokeo.

Hapo hadithi ingeisha. Lakini wengine hawakukubali. Mtu aliyemtayarisha Oswald kwa mazishi mwaka 1963 alidai kwamba fuvu lile halikuwa na mkato wa msumeno ambao uchunguzi wa maiti huacha, na papo hapo ikazaliwa nadharia mpya: kichwa kilibadilishwa kaburini. Mnaona inavyokuwa? Eddowes aliweka kipimo, kipimo kikamjibu, akakiheshimu. Waliokuja nyuma yake walichukua hoja yake wakaiondolea mahali pa kufia. Ikiwa meno si ushahidi, mfupa si ushahidi, mjane si ushahidi, basi hakuna tena tunachobishania. Tunapigana tu.

Haya, karatasi.

Naomba kila mmoja aandike mambo mawili. Juu, kile unachokiamini kuhusu mauaji haya, kwa sentensi moja ambayo mpinzani wako anaweza kuielewa. Chini, ni kitu gani kikionyeshwa utakiacha. Kiwe kitu ambacho kinaweza kupatikana au kupimwa. "Serikali ikiri" hakikubaliki, kwa sababu upande mmoja utasema imekiri kwa hila. "Mtu anishawishi" hakikubaliki pia. Andika jalada, kipimo, fremu, kipande cha mfupa. Atakayeona sehemu ya chini inabaki tupu asione haya. Airudishe hivyohivyo, ila katika mjadala wa leo awe msikilizaji.

Mimi yangu niliiandika jana usiku, na ilinichukua muda kuliko hotuba hii. Juu nimeandika: "Naamini risasi zote zilizompata Kennedy zilitoka nyuma yake, na Oswald ndiye aliyezipiga. Kama kulikuwa na watu nyuma ya Oswald, halijafungwa." Chini nimeandika: "Nitaacha sentensi yangu ya kwanza siku ambayo wataalamu wawili wasiojuana, wakiupima mkanda wa asili, kila mmoja kivyake, wataonyesha kwamba sauti ya Decker iliingia humo wakati wa kunakili na si wakati mikrofoni iko wazi barabarani, na kwamba mlipuko wa kilimani unabaki pale pale." Nimetia sahihi na tarehe. Namkabidhi mwenyekiti aitunze.

Mwenyekiti, mkanda uko tayari kwenye mashine. Nawaomba wale ndugu zangu wawili wa kikao kilichopita wasogee mbele wakae pamoja, wabadilishane karatasi, na kila mmoja atusomee kwa sauti karatasi ya mwenzake kabla hatujabonyeza mashine.